Doa Kwenye Pafu

Siku mdogo wake alipokosa kufika kazini, kaka aliwasha kompyuta huku akipiga mluzi.

"Msafi yuko wapi?" daktari mkuu aliuliza. "Si leo ndiyo mnapambana?"

"Amechungulia akaona maji marefu, daktari."

Ndugu hao wawili walifanya kazi chumba kimoja, nyuma ya mashine ya kupiga picha za saratani. Mgonjwa hudungwa sukari yenye mionzi, mashine hunasa miale inayotoka mwilini, kisha programu hukisia picha, huilinganisha na miale iliyonaswa, huirekebisha, hukisia tena. Kaka aliiacha yake izunguke hata picha ijae chenga, ilimradi kisipotee kitu. Mdogo wake aliongeza kanuni ya kulainisha: nukta ikizidi kutofautiana na jirani zake, inavutwa ifanane nazo. Picha zake ziling'aa. Madaktari wakambandika jina la Msafi.

Jina hilo lilimkwama kaka kooni. Nani alimfundisha mtoto yule kuandika programu? Hata nyumbani mama alikuwa haishi kusema, "Mwenzako kichwa kimetulia. Wewe mbona picha zako kama zimemwagiwa mchanga?"

Sasa hospitali ilitaka kubaki na njia moja. Msafi ndiye aliyechagua mgonjwa wa kushindania. Vipimo vyake aliviacha jana kwenye kompyuta, havina jina, vina namba tu.

Kaka alianza na njia ya mdogo wake. Mapafu yakatoka laini, safi kabisa. Akaja kwenye yake. Chenga zikatapakaa, mizunguko ikaenda, na katikati ya chenga, chini ya pafu la kushoto, kikasimama kidoa kama punje ya mtama. Akazungusha tena. Hakikuondoka.

Akaomba kimoyomoyo kiwe cha kweli.

Daktari mkuu aliinama mbele ya kioo kwa muda mrefu, akalinganisha na eksirei yenye namba hiyohiyo.

"Kipo," alisema. "Msafi amekifuta. Kuanzia leo tunatumia njia yako, fundi. Na mwenye namba hii atafutwe haraka."

Kaka hakusubiri hata daktari atoke. Alitaka mdogo wake aipate habari hiyo kutoka kinywani mwake, si kwa mtu mwingine. Akapiga simu nyumbani. Mama ndiye aliyepokea.

"Mama, mwambie huyo Msafi wako leo kashindwa."

"Hajalala tangu jana, anaisubiri simu yako," mama alisema. "Programu yake imemwonyesha mapafu safi, lakini haiamini. Anauliza ya kaka yake imeona nini mwilini mwake."

Siku hizi picha zote za mapafu ya Msafi huzitengeneza kaka.