Kalamu Isiyodondosha Nta

Kijiko kiligonga glasi gizani, kikanyamaza. Wulan akajua mumewe, Pram, hakulala usiku huo pia. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado.

Leo walikuwa wanakwenda mjini Semarang kwa wakili wao, kuona ushahidi wa kiwanda kilichopinga hataza yao, ile hati ya mvumbuzi. Kalamu ya kuchorea batiki aliibuni Pram. Ndani ina ulimi wa shaba unaozuia nta isidondoke. Hati ikisimama, hakuna wa kuitengeneza bila ruhusa yao. Ikianguka, kiwanda kitaifyatua kwa maelfu, na karakana yao yenye wanawake tisa itafungwa.

Wakili aliwaonya mapema: kitu kilichowahi kuonekana hadharani kabla ya kuombewa hataza si kipya tena, na kisicho kipya hakipewi hataza. Sasa kiwanda kinadai kina picha ya kalamu hiyo, iliyopigwa mwaka mmoja na nusu kabla ya wao kuomba hataza.

Wulan hakuhangaika kumtafuta aliyeiba siri. Mbok Darsih, bibi mchora batiki aliyewalelea mtoto tangu alipozaliwa, ana mpwa pale kiwandani. Wiki iliyopita Wulan alimfukuza bibi huyo.

Pram alijaribu kumtetea, akimwita mkewe Dik kama kawaida yake. "Dik, yule bibi hata simu anaiogopa. Picha angepiga kwa kitu gani, kwa mwiko?"

"Basi muulize mpwa wake, Mas," Wulan alimjibu mumewe.

Mbok Darsih hakubisha. Alifunga kitambaa chake, akasema tu kwamba uji wa mtoto uko jikoni, usiachwe ukapoa.

Kwa kuwa leo hapakuwa na wa kumwachia Sekar, binti yao wa miaka mitano, walikwenda naye.

Wakili aliitoa picha kwenye bahasha, akaiweka mezani. Alisema mgeni fulani aliiweka mtandaoni zamani, watu wakaipenda. Kalamu ilikuwa imefunguliwa, ulimi wa shaba waziwazi, juu ya mkeka wenye kitabu, kitana na kioo: vitu ambavyo wazazi humtandikia mtoto siku anapokanyagishwa ardhi mara ya kwanza, achague riziki yake mbele ya majirani. Kiganja kidogo kinene kilikuwa kimeing'ang'ania.

Pram aliinamisha kichwa. Wulan aliishika picha kwa mikono miwili, asiweze kuiweka chini.

Sekar alipanda kiti, akachungulia.

"Mama, huyu ni mimi."