Malkia Asiye na Mama

Kwenye skrini ya ukumbi, taji la malkia wa kanivali ya mtaa wetu, hapa Barranquilla, lilitua mahali pasipo na jina.

Kosa lilikuwa langu. Niliiagiza programu ya kompyuta ikivike taji kitu cha kwanza kwenye orodha, lakini juu ya jina la mshindi nilikuwa nimeacha mstari mtupu, ili orodha ipendeze. Ikaivika nafasi tupu.

“We mwanangu, malkia ni hewa?” alifoka Bi Eneida, mama wa mgombea mmoja, kiti mkononi, tayari kwa ugomvi wa akina mama wa kila mwaka.

“Afadhali hewa kuliko bintiyo!” akajibu mama wa mpinzani wake.

“Na kuliko wako!”

Wakaangua kicheko. Kiti kikashuka.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta ule mstari mtupu. Ningebonyeza mara moja tu, jina la mshindi lingepata taji. Nikakiondoa kidole, nikaanza kumpigia makofi malkia hewa.