Kanzu ya Marehemu

Nimezunguka miji mingi, ila Kondoa ndiko nilikoona mwanamume amevaa gauni sokoni na hakuna aliyegeuza shingo. Sharti lao ni moja tu: unajiandikisha kwa mwenyekiti wa mtaa, na ulichoandikisha ndicho utakachovaa maisha yako yote.

Mwenyeji wangu Isuja, fundi baiskeli, aliandikisha gauni miaka tisa iliyopita. Alipofiwa na baba yake, mwenyekiti alikuja kutoa pole.

"Kwenye ukoo wetu, mtoto wa kwanza humzika baba akiwa amevaa kanzu ya marehemu," Isuja akamwambia. "Naomba siku hii moja tu, mwenyekiti."

"Ndugu yangu, sisi tulikupokea ulivyo. Kuna aliyewahi kukucheka?"

"Hakuna."

"Basi usituchanganye. Kesho watu watasema miaka yote ulikuwa unaigiza."

Isuja akaikunja kanzu, akampa mdogo wake.

Makaburini kanzu ilivaliwa na mdogo wake, akashuka yeye kumpokea baba. Isuja alisimama juu na gauni lake la kijivu. Kila aliyempa mkono wa pole alilisifu, na sitasema uongo, lilimpendeza kweli.