Vidole Chini ya Meza

"Haya mzee, yale maneno matano niliyokupa mwanzoni, niambie unayoyakumbuka," alisema daktari wa akili, kalamu mkononi.

Dereva aliyakumbuka yote. Alikuwa ameyafunga kwenye vidole, kama marehemu mkewe alivyomzoesha kila alipomtuma dukani: kidole kimoja, kitu kimoja. Ngumi yake ilikuwa chini ya meza. Kidole gumba, chenye ukucha mweusi uliobanwa na jeki, ndicho kilichoshika "kiti".

Kwenye uwazi wa chini ya mlango viling'aa viatu vya bosi. Ndiye aliyemleta, eti anamjali. Wakubwa na huruma zao! Ubovu wa breki si aliwaambia? "Endesha hivyo hivyo, mzee mwoga wewe," wakamcheka, mpaka lori likaparamia ukuta na utingo wake akavunjika miguu.

Sasa wamembana huku na huku. Akiyataja yote, kichwa chake kizima, basi uzembe ni wake na jela inamngoja. Akijifanya kasahau, atarudi nyumbani salama, lakini nani atasikiliza habari za breki kutoka kwa mgonjwa wa akili?

"Taratibu tu, baba. Hata ukisahau, si kosa."

"Ndivyo wanavyotaka, mwanangu."

"Kina nani?"

Dereva aliitoa ngumi chini ya meza, akaiweka mbele ya daktari, akakunjua kidole gumba.

"Kiti!" alisema, kwa sauti ya kusikika hadi nje, na vile viatu vikasogea karibu zaidi na mlango.