Viatu vya Lami vya Selina

Angeweza kukanyaga mawe, lakini alipita katikati ya udongo laini wa shamba la mbaazi. Alama zikabaki nyuma yake moja moja, safi, zenye vitobo vya pembe sita kama sega la nyuki. Hakugeuka kuzitazama. Alivuta kofia ya sweta mpaka kwenye nyusi, akaendelea kukimbia.

Hakuna mtu Endabash asiyezijua alama zile. Selina alivipata viatu hivyo mnadani Karatu, kwenye rundo la mitumba: viatu vya mbio za barabarani, soli nyembamba kama chapati, kisigino hakijainuka hata unene wa kucha, mbele vipana ili vidole vikae kwa nafasi. Watu walimcheka kwamba amenunua soksi. Selina akawaacha wacheke, akawa anakimbia navyo kila alfajiri mpaka njia panda ya Karatu na kurudi.

Viatu hivyo havina kelele. Ndiyo sababu alfajiri moja ya mwezi wa tatu Modest hakumsikia akija. Selina alimkuta yeye na wenzake wakipakia ng'ombe wa watu kwenye fuso, ng'ombe kumi na mmoja, na akaziona sura zao zote. Hakuna mwingine aliyeona. Kesi ya wizi huo ilikuwa imeahirishwa mara mbili kwa kukosa shahidi, na hakimu alishasema mara ya tatu ataifuta. Mara ya tatu ilikuwa leo, saa tatu asubuhi, mahakamani Karatu.

"Hapa!" Sauti ya Fabian, mdogo wake Modest, ilipanda kutoka bondeni. "Kapita hapa! Ni viatu vyake!"

Alikaza mwendo. Hatua fupi. Tua kwa mbele, si kwa kisigino. Legeza magoti. Maneno hayo alikuwa akiyarudia tangu giza lilipoanza kupungua, na kila alipoyasahau jiwe lilimpiga chini ya unyayo, maumivu yakapanda mpaka kwenye nyonga. Viatu vya lami vikiletwa porini havimwonei mtu huruma. Mwiba wa mgunga ulikuwa umeshapenya soli ya kushoto, naye hakuthubutu kusimama kuutoa.

Aliogopa. Fabian hakuwa mtu wa maneno mengi. Mwaka jana alimvunja jirani mkono kwa ajili ya mpaka wa shamba. Na safari hii amekuja na Lesiamon wa Malambo, ambaye hufuata nyayo za ng'ombe aliyepotea siku tatu mpaka akampata.

Juu ya mwinuko alisimama. Kwa mbali chini aliiona njia panda, na pikipiki nyekundu imeegeshwa palepale. Ndugu mwingine wa Modest alikuwa pale tangu alfajiri, akichungulia kila gari na kila bodaboda inayokwenda Karatu. Pasingepitika. Akabaki amesimama wazi, kifua kikipanda na kushuka, mpaka Fabian akamwona.

"Selina! Simama! Selina!"

Fabian akatoa simu. Muda si mrefu pikipiki ikanguruma, ikaiacha barabara na kukata mashamba kuja juu. Kule mwinukoni alihakikisha imetoka kweli, ndipo akageuka, akateremkia korongoni ambako pikipiki haiingii.

Alijibana chini ya kichaka, akaziba mdomo kwa kiganja ili pumzi isisikike. Juu yake changarawe zilimomonyoka.

"Yuko karibu," alisema Lesiamon kwa Kiswahili chake cha polepole. "Amechoka. Sasa anatua kwa kisigino."

"Selina hachoki upesi hivyo."

"Selina simjui. Mimi nasoma chini."

"Basi soma upesi! Akifika Karatu, kaka yangu amekwisha."

Jua lilikuwa limeshaipita migunga. Saa mbili? Mbili na nusu? Hakuwa na saa. Alijua kitu kimoja tu: akikamatwa mapema, kila kitu kimeharibika. Akasali sala fupi, akatoka mbio upande wa pili wa korongo, na safari hii hakukumbuka kutua kwa mbele wala kulegeza magoti. Alikimbia tu. Goti likamkatalia, akalilazimisha. Alipanda, akateleza, akapanda tena kwa mikono, huku pikipiki ikizunguka kule juu ikitafuta pa kushukia, na hatua za Fabian zikija nyuma yake, nzito, karibu, karibu zaidi.

Alidumu muda mrefu kuliko alivyojidhania. Alikimbia, akatembea, akajificha, akakimbia tena. Jua lilikuwa linachoma shingo pale miguu ilipokataa kabisa, akapiga magoti mchangani.

Fabian alimfikia. Akamshika bega, akamgeuza kwa nguvu, akaivuta ile kofia ya sweta huku mkono mwingine umeshainua fimbo.

Fimbo ikabaki juu.

"Shikamoo, mama Selina," ikamtoka kabla hajajijua.

"Marahaba, baba," alijibu, akihema. "Hebu niangalizie saa. Mwanangu atakuwa ameshaapa."