Ripoti ya Saa Moja

Saa moja kasoro dakika mbili asubuhi, mlinzi alifunga kifungo cha juu cha shati, akapangusa buti kwa kitambaa, kisha akaketi mbele ya redio wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Hakukuwa na wa kumwona. Hata hivyo, hajawahi kuzungumza na makao makuu akiwa amevaa kandambili.

"Afande, habari za asubuhi. Ripoti ya leo: mvua hakuna. Tai saba na kinda mmoja. Nyani wamekuja, wameondoka. Wageni hakuna."

Redio ikakwaruza. "Nimekupata, afande," sauti ikajibu.

Ndiyo sauti pekee ya binadamu ambayo angeisikia mpaka kesho yake.

Kazi yake ilikuwa kulinda jabali. Lilikuwa na tundu katikati, tundu ambalo nyumba ya ghorofa mbili ingepita bila kugusa kitu, na serikali ilikuwa imelitangaza kuwa urithi wa asili pamoja na msitu unaolizunguka. Siku ya kulitangaza waliletwa wakubwa, viti, maturubai na hotuba ndefu. Jioni wakaondoka na viti vyao, wakamwacha yeye. Mwenzake wa zamu alihamishwa, na wa kushika nafasi yake hakuja. Huu ulikuwa mwaka wa tatu.

Kila baada ya miezi miwili lori la mzabuni lilileta unga, maharage, betri na barua ya dada yake. Dereva alishusha mizigo bila hata kuzima injini, akapunga mkono, akaenda zake.

Zamani kule redioni kulikuwa na mama mmoja mwenye haraka, aliyekata mazungumzo kabla hujamaliza kuaga. Kisha, msimu wa mvua wa mwaka jana, redio ikanyamaza siku kumi na tisa. Mlinzi aliendelea kutoa ripoti hivyo hivyo, akilisemesha boksi. Siku ya ishirini akajibiwa na mwanamume mwenye sauti ya upole. Alifurahi hata akasahau kuuliza ni nani, na baadaye akaona haya kuuliza. Mkubwa unamwanzaje?

Huyu bosi mpya alikuwa na mambo yake. Kwanza, adabu: naye alimwita mlinzi "afande", na siku ya kwanza mlinzi alitembea kifua mbele mpaka jua likazama. Pili, akishapokea ripoti alimsomea habari za upande mwingine wa nchi: mto umepanda kiasi gani, viboko wangapi, mamba wameonekana wapi. Mlinzi alielewa kwamba makao makuu wanataka walinzi wajue kazi za wenzao. "Nimekupata, afande," alijibu, akaandika yote kwenye daftari.

Kuna siku alipewa hata mtihani.

"Afande, mtu akipata mtoto, kanuni inampa likizo siku ngapi?"

Kijitabu cha kanuni mlinzi alikijua kichwani chote. "Saba, afande. Ila lazima kwanza apatikane wa kushika lindo."

"Asante, afande," sauti ikasema. Mlinzi alishinda siku ile akijua amefaulu.

Shida yake yeye ilikuwa mama. Barua ya kwanza dada aliandika kwamba mama hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano. Ya pili, kwamba anawatambua watu kwa sauti zao. Ya jana ilikuwa fupi: "Kaka, daktari anasema mwezi huu ukiisha na macho yameisha. Mama anasema vingine vyote ameshaviona, umebaki wewe. Njoo akuone."

Mara nne alikuwa ameomba ruhusa redioni. Mara nne sauti ilimjibu kwa huruma ya kweli: "Pole sana, afande. Ingekuwa juu yangu, ungeondoka leo." Hapo mlinzi alitambua kuwa hata wakubwa wana wakubwa wao. Aliandika na barua mbili kwa makao makuu, akampa dereva. Hazikujibiwa.

Na kuondoka kimyakimya alikuogopa. Aliyemtangulia, kabla jabali halijatangazwa, aliacha lindo siku tatu tu. Wakaja watu na nyundo, wakamega ukingo wa tundu wakitafuta madini ambayo hayakuwepo. Yule bwana aliishia jela. Pale palipomegwa mlinzi alipaona kila alipopanda doria, na kila mara alipaonea uchungu kama kidonda cha ndugu.

Asubuhi hii alisubiri mto na viboko vyote vimalizwe kusomwa. Kisha hakuzima. Akabonyeza kitufe tena.

"Afande, naomba unisikilize. Mama yangu ana wiki chache za kuona. Mimi huku nimechoka, afande. Mwaka wa tatu huu sijakaa kula na mtu. Nipe siku tano. Ukininyima nitakwenda tu, mnifukuze nikirudi. Lakini ningependa niende na ruhusa yako, kwa sababu umekuwa mwema kwangu."

Redio ilikwaruza muda mrefu. Alidhani amekatiwa. Halafu, nyuma ya mkwaruzo ule, akasikia maji yakipita, na kitu kizito kikipiga chafya majini.

"Afande," sauti ikasema, taratibu, "mimi ni mlinzi wa huku mtoni. Mwaka wa pili huu naripoti kwako, nikingoja wewe ndiye unipe ruhusa."