Mimbari Kwenye Karatasi

Wazee wa msikiti walisema wazi kwamba bila mchoro kufikia Ijumaa, kazi ya kutengeneza mimbari watampa fundi mwingine. Ndiyo maana jioni ile Fundi Mwinyikai, seremala mwenye mvi tele, alikuwa kwenye darasa la uchoraji akifuta mchoro wake kwa mara ya tatu.

"Fundi, hiyo mimbari au kreti la soda?" mwenzake wa dawati alimtania.

Mwalimu Raya aliinama kutazama. "Baba, miguu ya nyuma ichore mifupi kuliko ya mbele."

"Nitakuwa nimesema uongo, mwalimu. Yote minne nitaikata kipimo kimoja. Au unataka mimbari ipinduke na imamu wake?"

Darasa zima likacheka, mwalimu naye. "Ukiswali safu ya nyuma kabisa, watu wa safu ya mbele unawaonaje?"

"Wadogo."

"Wamepungua kimo?"

Fundi alishika tena penseli. Kisha akapiga bismillahi, akaweka nukta moja juu ya karatasi na kuvuta mistari kutoka kila pembe kuielekea. Ngazi za mimbari zikaanza kuonekana zinaingia ndani ya karatasi. Akaibonyeza ya kwanza kwa kidole, taratibu, kama anayejaribu kama itabeba mtu.